Filamu Yako Isiyo na Tone la Damu

Mzee Lihanda,

Jumamosi iliyopita tuliionyesha filamu yako Malinya. Nimekaa siku tano nikitafuta mtu wa kumsimulia vile ilivyokuwa, na kila ninayemfikiria naona hataelewa, maana wa kuelewa ulikuwa wewe. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Mama Rasoa, mkeo, yuko jikoni anachambua mrenda, nami nimekaa kwenye kiti chako karibu na dirisha. Ameniambia, "Mwandikie. Alikuwanga anapenda kusoma kuliko kuambiwa."

Miezi saba sasa. Bucha yako pale sokoni Kakamega ameichukua mtu mwingine. Amepaka ukuta rangi ya kijani na ameleta mashine ya kusaga nyama. Mimi bado napitia upande ule mwingine wa barabara. Nikifika karibu miguu inageuka yenyewe. Itakuja kuzoea, lakini si leo.

Nataka nikueleze ya Malinya, ila nikiyaanzia katikati nitalia, kwa hiyo acha nianzie mbali.

Unakumbuka tulivyojuana? Ilikuwa kwenye matanga, Khwisero. Mimi nilikuwa mpiga video wa harusi na mazishi, nina miaka ishirini na saba, na nilijiona fundi hakuna mfano. Wewe ulikuwa umeleta nyama ya waombolezaji. Ukasimama nyuma yangu muda mrefu, na aproni yako yenye madoa, mpaka nikakasirika. Halafu ukasema polepole, "Binti, umepiga picha sanduku tangu asubuhi. Sanduku halifanyi kitu. Yule mama anayesugua sufuria pale, ambaye hajainua kichwa, huyo ndiye mwenye msiba. Unamkosa."

Mwenye bucha anifundishe kamera! Niligeuza lenzi ili tu unyamaze. Na ndani ya lenzi nikamwona dada wa marehemu, anasugua sufuria iliyokuwa imetakata zamani. Anasugua, anasugua, hakuna kitu ndani. Wiki mbili baadaye nilipowapelekea ile familia video yao, mahali walipolia wote pamoja ni hapo tu. Sanduku waliliangalia kama kabati.

Kesho yake nilikuja bucha kukuuliza ulijifunzia wapi. Ukanijibu huku unakata mbavu, kwamba kabla ya nyama ulikuwa na vidio. Chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza ndefu, na wewe kando yake umeshika maikrofoni. Filamu zilikuja kwa lugha ambazo hakuna mtu Kakamega alizijua, nawe ulizitafsiri palepale kwa Kiswahili chako kilichochanganyika na Kiisukha. Wazee wa hapa mjini bado wanaizungumzia ile sauti. Wanasema watu walikuwa wakianguka kutoka kwenye mabenchi kwa kucheka. Na staringi alipomweka adui chini, tayari kummaliza, ulikuwa na maneno yako. Ukumbi mzima uliyangoja, ukayasema nao kwa pamoja: "Mpe ya kwenda nyumbani!"

Maneno hayo yalitoka ukumbini yakaenda kwenye mpira, yakaenda kwenye mchezo wa mafahali, yakawa ya kila mtu. Siku ile uliponisimulia mimi nilicheka sana. Wewe hukucheka. Ulifuta kisu, ukamwuliza mteja aliyefuata anataka kilo ngapi. Niliona, lakini sikuuliza.

Baada ya hapo nikawa nakuja kila Jumapili mkitoka kanisani. Hiyo ndiyo shule yangu, Mzee. Kuna watu siku hizi wananiuliza nilisomea filamu chuo gani, na mimi nawajibu nilisomea kwa mwenye bucha. Wanadhani nafanya mzaha. Tulikuwa tunakaa sebuleni kwako, chai mezani, wewe na daftari lako la kuandika tulichokiona, na ulikuwa unasimamisha filamu katikati ya mapigano.

"Hapa. Tangu tuanze wamekufa watu wangapi?"

Sijui, nikasema.

"Hata mimi sijui. Na aliyeitengeneza hakutaka tujue."

Lakini hukuwa mtu wa kulaani. Hilo nataka niliandike vizuri, kwa sababu wanaokusifu siku hizi wanakufanya kama mhubiri aliyechukia filamu za ngumi. Wewe ulizipenda! Ulikuwa unainuka kwenye kiti ukiona mtu amepiga teke akiwa hewani. Ulisema, "Hiyo ni ngoma, Violet. Watu wawili wanacheza. Mimi ngoma sina shida nayo. Shida yangu ni pale mtu anakufa na hakuna anayemkosa."

Na kulikuwa na ile moja, ya zamani, haina rangi, ya nchi ya mbali ambayo jina lake hatukuwahi kulitamka sawasawa. Mtu anauawa nyuma ya mlango uliofungwa. Tunachokiona ni jirani tu, mwanamke anapiga nguo pasi. Anasikia. Anasimama na pasi hewani. Halafu anaendelea kupiga pasi. Tuliiangalia mara nyingi, na kila mara ulisema neno lilelile: "Huyu hajaonyesha kitu, na mimi nimeona kila kitu." Wewe na lafudhi yako ya Kiisukha ulikuwa unaiita "firamu." Sikukurekebisha hata siku moja. Natamani kulisikia tena.

Na kuhusu damu. Nani angeweza kukubishia wewe kuhusu damu? "Nimechinja tangu nikiwa kijana," ulisema. "Damu ya kwenye firamu ni nyekundu kama soda. Damu ya kweli inageuka haraka, inakuwa nyeusi, inaleta nzi, na mtu akishaiona anatafuta maji anawe. Ukiona umekaa pale na unataka kupiga makofi, jua wamekupa soda."

Kisha ukaniambia unataka kutengeneza filamu yako mwenyewe. Mtu anauawa na umati kule kwenye mashimo ya dhahabu, anaitwa mwizi. Hukueleza zaidi. Tukaenda Malinya, tukaomba ruhusa, tukachukua majirani wakawa waigizaji. Yule mwanamume mmoja katika umati, ambaye hadithi inamfuata, ukampa Shivachi, fundi wa baiskeli. Nilikuuliza kwa nini yeye, hajawahi kuigiza hata kanisani Krismasi. Ukasema, "Angalia mikono yake. Hajui aiweke wapi."

Siku ya kupiga ile sehemu ya mawe nilikuja nimejiandaa. Nilikuwa nimechemsha sukari na rangi ya chakula, nimejaribu mara nne mpaka ikawa nzito sawasawa. Wewe ukaangalia ile chupa, ukaniambia niiweke chini ya mti. Ukasimamisha kamera ikitazama umati.

"Na anayepigwa?" nikauliza.

"Hayuko kwenye picha."

Tuligombana mbele ya watu wote. Nilikuambia hakuna mtu atakayekaa kuangalia mauaji yasiyo na mauaji. Nilikuambia umezeeka. Nisamehe kwa hilo. Ukanijibu bila kupandisha sauti, "Watakaa. Watatafuta mahali pa kuweka macho, na hawatapata isipokuwa kwa hawa." Nikapiga vile ulivyotaka: nyuso tu, vumbi, mkono wa Shivachi umeshika jiwe, na uso wake kabla na uso wake baada.

Lakini sikukubali moyoni. Siku uliyokuwa machinjioni niliwaita Shivachi na wenzake, nikapiga sehemu yangu. Nikamlaza mtu chini, nikamwaga ile sukari, nikaweka mwendo wa polepole na ngoma nzito. Ilitoka safi. Kwa ufundi, Mzee, bado nasema ilitoka safi. Nikaileta nyuma ya bucha, nikakuonyesha kwenye kompyuta yangu, na vijana watano sita wa pale sokoni wakasogea kutazama.

Jiwe liliporuka wakapiga kelele za furaha. Na mmoja wao, ambaye alizaliwa vidio yako imeshafungwa zamani, hajui hata kama uliwahi kuwa na vidio, akapaza sauti: "Mpe ya kwenda nyumbani!"

Nilikutazama ili tucheke pamoja. Uso wako... Sijui niuandikeje uso ule. Uliinuka ukaenda kwenye bomba, ukafungua maji, ukasimama tu. Nikakufuata. Na hapo ndipo uliniambia, bila kugeuka.

Uliniambia ulikuwa na miaka ishirini na tisa. Ulikuwa umeenda Malinya kwenye mchezo wa mafahali, jina lako liko juu, kila mtu anakusalimia. Watu wakatoka mbio upande wa mashimo wanapiga kelele za mwizi, nawe ukakimbia kama wengine. Ulipofika mtu yule alikuwa amepiga magoti. Ulikuwa na jiwe mkononi, hukukumbuka ulipoliokotea. Ulikuwa hujalitupa. Halafu mmoja akakutambua, akacheka, akasema, "Mtangazaji wa vidio huyu hapa! Tuambie, tuambie!" Na umati ukanyamaza kidogo. Wakakungoja, kama ukumbini.

"Nikasema," uliniambia. "Kwa sauti ileile. Wakaitikia wote. Na mimi nikatupa."

Maji yalikuwa yanamwagika tu.

"Halafu nikaenda nyumbani, Violet. Rasoa akanimwagia maji nikanawa. Alikuwa amepika obusuma na ingokho. Nilikula vizuri. Niliomba nyongeza."

Nilijua basi kwamba hicho ndicho kilichokuwa kikikutafuna miaka yote hiyo, ile sahani ya ugali na kuku, kuliko hata jiwe lenyewe. Asubuhi yake habari zikaja kwamba yule mtu hakuiba. Gunia la mawe ya dhahabu alilobeba alikuwa ametumwa nalo na mwenye shimo. Hakuna aliyeulizwa. Watu wake walikuja kutoka mbali wakamchukua. Wewe ukafunga vidio wiki ile, ukauza televisheni, na miaka mingi hukuangalia picha yoyote.

Niliifuta sehemu yangu siku hiyohiyo. Yote. Na wiki iliyofuata tukapiga kile ambacho hakuna mtu aliyewahi kukipiga, mimi sijawahi kukiona mahali: mtu aliyetoka kuua anakula chakula chake cha jioni. Kamera haisogei. Mkewe anammwagia maji, naye anakausha mikono, anakata tonge, anachovya mchuzi. Anatafuna. Anaongea kuhusu mvua. Anaomba nyongeza. Hakuna ngoma, hakuna muziki. Shivachi hakuwa anajua siri yako, ulimwambia tu, "Kula kama mtu mwenye njaa." Ulikaa nyuma ya kamera umefumba macho, unasikiliza. Ukaiita filamu "Maji ya Kunawa."

Nairobi, kwenye tamasha la filamu, ulivaa koti lako la kanisa na viatu vinavyobana. Filamu ilipoisha ukumbi ukakaa kimya. Hakuna hata kofi moja. Ukaniinamia ukasema, "Twende, wameichukia." Na mimi niliona mwanamke aliyekaa mbele yetu ameficha mikono yake chini ya mkoba, kama anayeogopa mtu asiione. Hawakuwa wameichukia, Mzee. Kijana mmoja, mtengenezaji wa filamu mwenye jina sasa hivi, alitufuata mpaka nje. Alikuambia amemaliza filamu yake ina mapigano marefu aliyojivunia, na sasa anaenda nyumbani kuyakata. Ulimshika bega, ukamwuliza kama amekula. Huyo ndiye wewe. Siku hizi walimu wa filamu wanaionyesha ile meza ya chakula madarasani. Wanasema mwanzilishi. Wanasema haijawahi kutokea. Natamani uwasikie, hata kama najua ungewaambia waende wakauze nyama kwanza.

Ugonjwa wa sukari ulipokuzidi, kabla ya ile safari yako ya mwisho hospitalini, ulinituma nilete kamera. Ulikaa kwenye kiti hiki hiki. Ukasema jina lako, jina la baba yako, na yale uliyoyafanya Malinya, kuanzia jiwe mpaka nyongeza. Hukuomba msamaha kwa sababu, ulisema, wa kuombwa hayuko mbele ya kamera. Halafu ukaniambia, "Weka mwisho wa firamu. Nikishaenda. Ukiona inafaa."

Ukiona inafaa! Ulinibebesha mzigo, Mzee. Nakuambia ukweli. Baada ya mazishi nilikaa nao mwezi mzima. Nikiuweka, ninamwaga siri yako kwa watu uliowauzia nyama miaka yote. Nikiuficha, filamu inabaki ya mtu mwingine, ya mtu wa kubuni. Na Mama Rasoa je? Hakuwa anajua. Nilimwendea. Nikamwekea video, nikatoka nje. Aliiangalia mara mbili. Aliponiita, alikuwa amekaa wima, mikono magotini.

"Ile ingokho nilipika mimi," akasema. Halafu: "Mnataka kuonyesha watu. Na wenye msiba? Mmewaonyesha wenyewe?"

Sikuwa nimewafikiria. Wewe pia, niseme kwa heshima, hukuwa umewafikiria. Sisi mafundi wawili tulifikiria kamera, na mkeo akafikiria watu.

Aliwatafuta yeye. Alianza na akina mama wa kanisa, hawa wakauliza wa kanisa lingine, mpaka tukasikia kuna familia upande wa Butali, ndugu yao alienda kutafuta kazi ya dhahabu akarudi ndani ya sanduku. Asubuhi ya kwenda nilimkuta Mama Rasoa amesimama uani. Nikauliza kama tushike kuku, vile inavyofaa mtu akienda kwa watu. Akakataa. "Tukienda na kuku watasema tumekuja kununua."

Dada ya yule aliyeuawa anaitwa Nafula. Ana shamba la miwa si mbali na kiwanda. Harufu ya molasi inaingia mpaka ndani ya nyumba. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Mama Rasoa hakukaa. Alisema akiwa mlangoni, "Mama, waliomuua ndugu yako walikuwa wengi. Mmoja wao alikuwa mume wangu."

Nafula alimtazama. Nilisikia matrekta ya miwa yanapita barabarani, moja, mbili.

"Mbona umekuja?"

"Kwa sababu yeye amekufa, na mimi ndiye nimebaki."

Hakutukaribisha, hakutufukuza. Alituachia mlango wazi akaingia ndani, basi tukaingia. Nikamweleza kuhusu filamu. Nikamwambia kwamba akisema isionyeshwe, nitaifungia kabatini, na hata walimu nitawaambia waache kuionyesha. Nilimaanisha, Mzee. Nilikuwa tayari kuipoteza. Akasema, "Nitakuja niione kwanza. Mahali alipofia. Sitaiona kwingine."

Ndiyo maana tulienda Malinya.

Tuliifanya saa nane mchana kwenye ukumbi wa kanisa. Madirisha tuliyafunika kwa mablanketi na magunia. Nilidhani watakuja watu thelathini; walijaa mpaka wakakaa sakafuni, na wengi walikuja kumwona Shivachi. Wazee pia walikuja, wengine wa umri wako. Nafula alikaa benchi la pili. Mama Rasoa alikaa kando yake, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

Umati ulipotokea kwenye skrini kijana mmoja nyuma akapiga mluzi, akijiandaa. Ukakatika. Hakukuwa na kitu cha kupigia mluzi. Nyuso tu, na watu wakaanza kuzitambua nyuso, huyu jirani, huyu shemeji, na kila mmoja akawa anatazamwa na ukuta. Ulisema watatafuta mahali pa kuweka macho. Nilisimama kando nikawatazama wakitafuta. Ulijuaje? Ulijuaje, wewe?

Kwenye chakula, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliinuka akatoka. Nilimwona kwa upenyo wa blanketi amesimama juani, ameegemea ukuta. Alirudi kabla ya Shivachi kuomba nyongeza.

Halafu ukatokea wewe. Hakuna aliyetarajia. Nilisikia watu wakivuta pumzi, maana walikufahamu, walikuzika. Ukasema yote. 

Wengine walikasirika, nisikufiche. Mwanamume mmoja alisema umeiaibisha Malinya ukiwa kaburini ambapo hujibiwi, akawatoa watoto wake nje. Pengine ana haki yake.

Ndipo Nafula akasimama. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza njia.

"Nimeona. Ni kweli vile. Lakini huyu mnayemwita mwizi, mwanzo mpaka mwisho, hamkumpa jina."

Mzee, alisema kweli. Miaka yote ile. Umati una majina, Shivachi ana jina, mkewe wa kwenye filamu ana jina. Wewe mwenyewe umetaja jina la baba yako. Na sisi tuliokuwa tunahesabu waliokufa kwenye filamu za wengine!

"Aliitwa Barasa," Nafula akasema. "Alikuwa ananifuata mimi kwa kuzaliwa. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba na alikuwa mvivu wa kulima, ndiyo sababu akaja huku. Muandike jina lake."

Mama Rasoa akaanza kusema asante. Nafula akamkata kwa mkono. "Sijasema nimesamehe. Nimesema muandike jina."

Yule mzee wa kofia alikuwa bado amesimama karibu na mlango. Akasema, "Barasa," polepole, kama anaonja neno. Kisha akasema, "Mimi nilikuwapo." Hakuna aliyemwuliza, hakuna aliyemgusa. Akavua kofia. Mwingine kwenye benchi la mbele akainamisha kichwa, naye akasema, "Nilikuwapo." Walikuwa wawili tu. Najua walikuwepo zaidi, lakini hao wawili walisema, na nimewaona kwa macho yangu, ndani ya ukumbi uliowekewa filamu yako isiyo na tone la damu.

Watu walipotoka, Nafula alibaki. Aliniuliza kama kuna mahali kwenye filamu sauti inaweza kuwekwa. Nikamwambia ipo. Jumatatu nikamfuata Butali na maikrofoni. Alisimama uani, akageukia miwa, akamwita ndugu yake vile alivyokuwa akimwita zamani chakula kikiiva. Mara tatu. "Barasa! Barasa we! Njoo ule!"

Uliniambia nisiiguse ile sehemu ya chakula, hata fremu moja. Nimeigusa. Picha iko vilevile, sijakata kitu. Lakini sasa Shivachi anapokata tonge, mbali sana, nje ya nyumba, kuna mwanamke anaita. Shivachi hasikii. Anaendelea kula. Sisi tunasikia.

Nadhani ungekasirika siku moja, halafu ungekuja asubuhi na kuniambia nimwekee chai. Sijui. Ndicho kitu ninachokikosa zaidi, kutojua ungesema nini.

Mwezi ujao tunaipeleka Butali. Nafula atawaita watu wake mwenyewe, na Mama Rasoa ameombwa aje, ameombwa na Nafula kwa mdomo wake, ingawa bado hawajakaa benchi moja bila ile nafasi katikati. Nakuahidi nitaipeleka mimi, nitashika kila waya kwa mkono wangu, na nitabaki ukumbini mpaka wa mwisho aliye na la kusema aseme. Nakuahidi pia kwamba kwenye kila filamu nitakayoitengeneza, mtu akifa, tutajua ni nani, na atakuwepo wa kumkosa.

Ulinifundisha mahali pa kuelekeza kamera, Mzee wangu. Sitaacha kukusifu kwa hilo, hata mbele ya wale wenye hasira nawe. Lala sasa. Filamu yako inaanza na neno moja jeupe juu ya skrini nyeusi, na linakaa pale muda mrefu, kabla ya picha yoyote.

Barasa.

Wako,
Violet